Askari Walioacha Majina Yao Ng'ambo

Aprili 24, 1965, mashua iliyotoka Kigoma ilitia nanga Kibamba, kusini ya Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Walioshuka walitoka Kuba, wengi wao weusi, na hakuna aliyekuja na jina lake. Víctor Dreke aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo, Mbili. Wa tatu, Mzungu aliyejulishwa kwa wenyeji kama daktari anayejua Kifaransa, akawa Tatu. Huyo ndiye Che Guevara.

Kuba haikutaka ijulikane kwamba iko vitani Kongo upande wa waasi wa Simba, kwa hiyo askari walikatazwa kubeba chochote cha kwao. Miaka minne kabla, huko Katanga, Gurbachan Singh Salaria, nahodha wa kikosi cha Gurkha chini ya Umoja wa Mataifa, aliuawa, na India ikamtunuku Param Vir Chakra, nishani yake kuu ya ushujaa. Lakini Wakuba wanne waliouawa katika mapigano ya Bendera Juni 29, 1965 hawakuwa na nchi ya kuwataja. Shajara iliyookotwa baada ya mapigano ndiyo iliyofichua walikotoka.

Jambo gumu zaidi lilimpata Tatu mwenyewe. Oktoba 3, Fidel Castro alisoma hadharani barua yake ya kuaga, ambamo alirudisha cheo na uraia wa Kuba. Yeye mzaliwa wa Argentina, akaona askari wake wameanza kumtazama tena kama mgeni. Aliandika hayo baadaye kwa uchungu, na ninaamini ndizo kurasa za kweli kuliko zote katika kumbukumbu zake za Kongo.

Siku chache kabla ya barua hiyo kusomwa, mwishoni mwa Septemba, mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali ya Kongo, walishuka Baraka kwa njia ya ziwa. Upande wao pia walikuwapo Wakuba, wakimbizi wa mapinduzi walioajiriwa na CIA kuendesha ndege na boti. Ndugu wa kisiwa kimoja wakawindana kwenye ziwa la Wabembe, kila upande ukiamini kwamba heshima ya Kuba iko kwake. Simba wa Baraka walipigana kwa siku kadhaa, na sifa hiyo ni yao. Kisha Fizi nayo ikaanguka.

Novemba 21 Wakuba walivuka kurudi Kigoma. Che alitaka kubaki na wachache. Aliona aibu kuwaacha Wakongo ufukweni. Kitabu chake alikifungua kwa kukiri kushindwa. Lakini kwa waliobaki vita havikuisha: kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila na watu wake walishikilia milima ya Fizi kwa miaka mingi.

Baadhi ya Wakuba waliendelea na majina ya huku. Harry Villegas aliitwa Pombo hata Bolivia, na hadi alipofariki mwaka 2019, akiwa jenerali. Naye Freddy Ilanga, kijana Mkongo aliyemfundisha Tatu Kiswahili, alipelekwa Kuba, akawa daktari, akaishi huko hadi kifo chake mwaka 2005.