Jina Lililofichwa Mpinini

Mtu akionyeshwa upanga mfupi wa kale wa Kijapani, jicho lake hukimbilia makali. Mjuzi huanza kwingine. Huchomoa kijiti cha mwanzi kinachoushika mpini, akautoa mpini wenyewe, kisha akatazama msuka: sehemu ya chuma isiyong'arishwa kamwe, iliyofunikwa na kutu nyeusi ya karne nyingi. Hapo ndipo mhunzi alipochora jina lake, mahali palipofichika wakati wote silaha ilipokuwa kiunoni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Machache kati ya majina hayo yametukuzwa kama la Yoshimitsu wa Awataguchi, katika mji wa Kyoto, aliyefanya kazi katika karne ya 13 na kuitwa pia Toshiro. Panga ndefu alifua chache sana. Sifa yake imesimama juu ya panga fupi ziitwazo tanto, ambazo bapa zake kwa kawaida hazizidi sentimeta 30.

Kazi ilianza na mchanga wa chuma, ulioyeyushwa kwa makaa ya miti hata ukawa feleji. Mhunzi aliifua feleji hiyo, akaikunja, akaifua tena. Ikikunjwa mara 10, tabaka zake hupita 1,000. Taka hutoka, na uso wa chuma hupata nyuzi kama za mbao. Katika kazi ya Yoshimitsu nyuzi hizo ni laini mno, na Wajapani huzifananisha na tunda la peasi. Kisha bapa lilipakwa udongo, mwingi mgongoni na mchache makalini, likatiwa motoni, likatumbukizwa majini. Makali yalipoa upesi yakawa magumu. Mgongo ulipoa polepole ukabaki na ustahimilivu. Mpaka wa hali hizo mbili huonekana kama mstari wa ukungu mweupe. Bapa likipasuka katika maji yale, kazi yote imepotea.

Mwaka 1615 ngome ya Osaka ilipoanguka, baadhi ya panga za Yoshimitsu ziliungua humo. Tokugawa Ieyasu alimwagiza mhunzi Yasutsugu azitie maji upya. Umbo likabaki, lakini mstari wa ukungu haukuwa wa Yoshimitsu tena. Je, upanga kama huo ni kazi ya nani? Kwa maoni yangu ni kazi ya wawili, na anayemtaja mmoja tu amesoma jina akaacha kusoma chuma.

Hatari nyingine zilifuata. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilikataza raia kuvaa panga hadharani, na wahunzi wengi wakakosa riziki. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, majeshi yaliyoikalia nchi yaliamuru silaha zisalimishwe, na panga nyingi zikaharibiwa. Walioujua ufundi huu walitetea panga zenye thamani ya sanaa, na mwaka 1948 kikaundwa chama cha kuzihifadhi.

Siku hizi adui aliyebaki ni mkono wenye nia njema. Asiyejua akiurithi upanga wa namna hii, huweza kuuonea huruma msuka wake, akausugua mpaka ung'ae. Kwa saa moja atakuwa amefuta ushahidi wa miaka 700. Kwani rangi ya kutu ile humwonyesha mjuzi umri wa chuma, na humsaidia kutambua jina la kweli na la kughushi. Makali hueleza ustadi wa mhunzi. Kutu hutusaidia kujua ni mhunzi gani.