Nyabingi, Mungu wa Kike Asiye na Hekalu la Mawe

Wasomaji, mkisikia habari za mungu wa kike na hekalu lake, bila shaka mawazo yenu huenda Bara Hindi. Ni kweli, mahekalu ya namna hiyo huko ni mengi. Moja lenye sifa kubwa ni lile la Kali, huko Dakshineswar karibu na mji wa Kolkata, lililofunguliwa mwaka 1855. Aliyelijenga alikuwa mwanamke mjane, Rani Rashmoni, mwenye mali nyingi, lakini aliyehesabiwa kuwa mtu wa tabaka la chini, hata makuhani wengi wakasita kutumika humo. Walakini hapo ndipo alipotumika Ramakrishna, na mwaka 1897 mwanafunzi wake Vivekananda akaanzisha chama cha dini kiendeleacho hata leo.

Basi sisi wa Ngara na Biharamulo hatuna haja ya kuvuka bahari ili kuona jambo la jinsi hiyo. Katika nchi zetu za Bushubi, Bugufi na Rusubi, wazee walijua sana habari za kubandwa, yaani mtu kupandwa na pepo mkuu na kusema kwa sauti yake. Wengine waliwataja Bachwezi, wengine Kiranga. Na katika mambo hayo mwanamke, ambaye barazani hakusikilizwa, aliweza kusema na mfalme akanyamaza. Tukienda kaskazini, tukapita Karagwe hata Ndorwa na Mpororo, penye mipaka ya Rwanda na Uganda ya leo, twamkuta aliyekuwa na nguvu kuliko wote: Nyabingi.

Jina hilo maana yake ni mwenye vingi. Asili yake husimuliwa kwa njia nyingi. Wako wasemao ya kuwa alikuwa malkia wa kale, na wengine hutaja Karagwe kuwa ndiko alikotoka. Husimuliwa ya kuwa aliuawa kwa hila, kisha roho yake ikawarudia watu, ikidai heshima. Katika masimulizi hayo, mwanamke aliyedhulumiwa akiwa hai hupewa enzi baada ya kufa.

Hekalu la mawe hakuwa nalo. Nyumba yake ilikuwa kibanda cha miti na nyasi, kama vibanda vingine. Ndani yake alikaa mtumishi wake, aitwaye mugirwa, mwanamume au mwanamke, akijificha nyuma ya lubugo, yaani nguo ya gome la mti. Mwenye shida alikuja na ng'ombe, au mbuzi, au jembe, au pombe, akaketi nje ya pazia na kueleza haja yake: mwanamke hazai, mtoto ni mgonjwa, mvua haijanyesha. Ndipo sauti nyembamba yenye kutetemeka ilipomjibu kutoka ndani. Yasemwa pia ya kuwa wengine walitoa hata binti zao wawe watumishi wa Nyabingi. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa mambo yote yalikuwa mema; wako bagirwa waliotajirika kwa hofu ya maskini.

Sasa na tuangalie jinsi kibanda kile kilivyotikisa serikali. Mwaka 1894 Mdachi mmoja, von Götzen, alivuka mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo, katika Ngara yetu hii, akaenda kuonana na Rwabugiri, mfalme wa Rwanda. Mwaka uliofuata mfalme yule akafa. Mwaka 1896 mrithi wake Rutarindwa aliangamia katika vita vya ndugu, akatawazwa kijana Musinga, na Wadachi wakafanya urafiki naye. Hapo akatokea mwanamke aitwaye Muhumusa. Alisema ya kuwa yeye ni mjane wa Rwabugiri, na ya kuwa mwanawe ndiye mwenye haki ya kiti. Tena alisema ya kuwa Nyabingi yu pamoja naye.

Wadachi walipoona watu wengi wanamfuata, wakamkamata, wakamfunga Bukoba muda wa miaka kama miwili. Walidhani wamemaliza kazi. Lakini alipofunguliwa alirudi kaskazini, akaingia Kigezi, watu wakamkusanyikia kuliko kwanza. Wakati ule Wadachi, Waingereza na Wabelgiji walikuwa wamepatana mwaka 1910 juu ya mipaka, nao walikuwa wakiipima milima ile kwa kamba na kusimika alama, bila kuwauliza wenyewe. Muhumusa akatangaza ya kuwa atawafukuza Wazungu, na ya kuwa risasi zao zitageuka maji. Wasomaji wa Tanzania hawatashangaa kusikia neno hilo, maana mwaka 1905 watu wa kusini walilisikia katika vita vya Maji Maji.

Mwezi wa Septemba 1911 askari wa Waingereza walimshambulia. Watu wake wengi wakafa, naye mwenyewe akapigwa risasi mguuni, akashikwa, akapelekwa Kampala. Hakurudi kwake tena. Alikaa huko uhamishoni mpaka alipofariki mwaka 1945. Huko Rwanda, kijana Ndungutse aliyeinua bendera ile ile alivunjwa na Wadachi mwezi wa Aprili 1912. Na mwaka huo huo serikali ya Uganda ilitoa sheria ya kukataza uchawi, nayo ikatumiwa kuwafunga bagirwa.

Je, mambo yakaisha? Hayakuisha. Mwaka 1917 huko Nyakishenyi watu waliondoka kwa jina la Nyabingi, wakawaua mawakala wageni waliowekwa na serikali juu yao. Miongoni mwa viongozi alikuwapo Ndochibiri, maana yake mwenye vidole viwili, aliyeuawa mwaka 1919. Alikuwapo pia mwanamke, Kaigirirwa. Mwaka 1928 yakazuka machafuko mengine. Kila mara kiongozi alishikwa au aliuawa, na kila mara sauti ilisikika mahali pengine.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Nionavyo mimi, sababu ni hii. Hekalu la mawe laweza kufungwa mlango. Kiti cha mfalme chaweza kupewa mwingine. Bali Nyabingi hakukaa katika mawe wala katika ukoo. Alikaa kwa yeyote aliyekubaliwa na watu kuwa asema kwa ajili yake. Wakuu wa serikali waliuita uchawi, wakautungia sheria ya uchawi. Hawakuuliza ni malalamiko gani yaliyokuwa yakisemwa nyuma ya pazia: wageni kutawala, mifugo kuchukuliwa, kazi za lazima. Waliweza kumfunga msemaji, lakini neno lake walishindwa kulijibu. Wahenga walisema kweli, usilolijua ni usiku wa giza.

Jambo moja zaidi. Mwaka 1935 jina hili lilitajwa katika gazeti moja la Jamaica, likichanganywa na habari za Mfalme wa Uhabeshi. Tangu hapo Marasta wa kisiwa kile huita Nyabingi makusanyiko yao makuu na ngoma wanazozipiga. Hawajauona mto Kagera, lakini jina walilolishika ni la mwanamke wa milima yetu.

Basi ndugu mwalimu, ukipita Bukoba, kumbuka ya kuwa hapo palifungwa mwanamke aliyeogopwa na serikali mbili za Ulaya. Na ukiwa na bibi mzee huko Ngara au Biharamulo ajuaye habari za kubandwa, keti karibu naye ukaandike asemayo, mema na mabaya pamoja. Rani Rashmoni ameachiwa hekalu limshuhudie. Wanawake wetu waliachiwa kibanda cha nyasi, nacho kimekwisha kuoza. Ushahidi wao uliobaki umo vinywani mwa wazee.