Macho na Zamu ya Kusema

Jinsi wazungumzaji wanavyopokezana zamu ya kusema, yaani nafasi ambayo mmoja hunena na wengine husikiliza, bila mwenyekiti wa kuwagawia nafasi hiyo, ni jambo lililochelewa kuchunguzwa kwa sababu kila mtu hulitenda kutwa pasipo kulifikiria. Mwaka 1908 mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel aliandika kwamba anayemtazama mwenzake ili amjue naye hujifichua papo hapo; lakini hayo yalikuwa mawazo ya kifalsafa, na ilibidi kungojea kamera ya filamu ndipo yaanze kupimwa.

Upimaji huo ulipata umaarufu mwaka 1967, Mwingereza Adam Kendon, aliyefanya utafiti wake Oxford, alipochapisha uchambuzi wa filamu za watu waliozungumza wawili wawili. Kendon alibaini kwamba msikilizaji humtazama msemaji zaidi kuliko anavyotazamwa, na kwamba msemaji anapoanza kauli ndefu huyaondoa macho yake, kana kwamba anajitenga ili apange maneno, kisha humrudishia mwenzake macho anapokaribia kumaliza. Kauli zilizokwisha bila msemaji kumtazama mwenzake zilifuatwa na kimya au jibu la kuchelewa kwa takriban asilimia 71, ilhali zilizokwisha kwa kumtazama zilipatwa na hali hiyo kwa takriban asilimia 29 tu. Kwa hiyo jicho likaonekana kuwa ishara ya kukabidhi zamu.

Maelezo hayo yalivutia, lakini hayakutosha. Watu hupokezana zamu vizuri kwenye simu, ambako hakuna jicho linaloonekana, na mwaka 1974 Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walieleza kanuni za zamu wakitegemea zaidi muundo wa sentensi na kiimbo chake. Miaka minne baadaye Geoffrey Beattie alichunguza mazungumzo mengine asione athari aliyoiona Kendon.

Aliyelifungua suala hili upya ni Mmarekani Charles Goodwin, na mchango wake ndio wenye uzito zaidi katika historia hii yote, kwa kuwa aliacha kuuliza jicho linaashiria nini akauliza linaifanyia nini sentensi yenyewe. Katika mikanda ya video ya mazungumzo ya kawaida, yakiwemo ya mezani wakati wa chakula, aliona msemaji akianza kutamka, akigundua kwamba msikilizaji anatazama kwingine, akikatiza neno, kisha akianza upya mara tu macho ya msikilizaji yanapomfikia. Kusitasita ambako wanaisimu wengi walikuhesabu kuwa kasoro ya usemi kukawa njia ya kumwita msikilizaji. Katika makala yake ya mwaka 1979 alimfuatilia mwanamume mmoja aliyewaambia wageni kwamba ameacha sigara: macho yake yalipohamia kwa mkewe, ambaye alikwisha kuijua habari hiyo, aliongeza kwamba siku hiyo ndiyo inatimia wiki moja, jambo ambalo hata mke angeweza kulipokea kama jipya. Sentensi moja, basi, ilitungwa na zaidi ya mtu mmoja, ijapokuwa mdomo ulikuwa mmoja.

Katika lugha za alama kupata macho ya msikilizaji ni jambo la lazima kabisa, kwani kiziwi hawezi kuanza kauli kabla mwenzake hajamwelekezea macho. Katika lugha za sauti, kiasi cha kutazamana hutegemea desturi, na kipimo cha Oxford hakiwezi kufanywa kanuni ya walimwengu wote, hasa ikikumbukwa kwamba katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kijana huinamisha macho mbele ya mzee kwa heshima. Mwaka 2009 Federico Rossano, Penelope Brown na Stephen Levinson walilinganisha maswali na majibu ya Waitalia, ya wasemaji wa Kitzeltal wa Mexico na ya wakazi wa Kisiwa cha Rossel huko Papua New Guinea, wakakuta kwamba Watzeltal hutazamana kidogo sana, na bado huulizana na kujibiana bila taabu. Kwa upande wa Waitalia, Rossano alionyesha kwamba macho hufuata shughuli inayotendwa kwa maneno kuliko zamu moja moja: jambo likiisha wote wawili huyaondoa macho, na mmoja akiendelea kutazama, mara nyingi mazungumzo juu ya jambo hilo huendelea.