Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ni mpango wa hifadhi ya jamii wa serikali ya Tanzania unaotoa ruzuku ya fedha, ajira za muda na msaada wa kujiwekea akiba kwa kaya zenye umaskini mkubwa. Unaendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake TASAF, na umefikia kaya zaidi ya milioni moja Tanzania Bara na Zanzibar. Wanaonufaika nao huitwa walengwa.

Mpango huu ni mfano mzuri wa namna huduma za jamii kwa watu walio katika hali ngumu zinavyobuniwa na kutolewa. Unaonyesha pia ugumu wake mkubwa, yaani kuamua nani apewe na nani aachwe pale ambapo fedha hazitoshi na majirani karibu wote ni maskini.

## Historia

TASAF ilianzishwa mwaka 2000 kwa fedha za serikali na mkopo wa Benki ya Dunia. Katika awamu ya kwanza (2000–2005) kazi yake kubwa ilikuwa kugharimia miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe, kama vile madarasa, zahanati, visima na barabara za vijijini. Awamu ya pili (2005–2013) ilipanua kazi hiyo.

Miradi hiyo ilikuwa na faida, lakini ilikuwa na pengo. Zahanati ikijengwa, mwenye nauli na fedha ya dawa huitumia zaidi kuliko asiye na kitu. Darasa likijengwa, mtoto asiye na sare wala daftari anaweza kubaki nyumbani. Huduma ilikuwa imesogezwa karibu, ila kaya fukara zaidi bado hazikuweza kuifikia.

Wakati huo nchi nyingine zilikuwa zimeanza kuzipa kaya maskini fedha taslimu kwa sharti la kupeleka watoto shule na kliniki. Mexico ilianza mwaka 1997 kwa mpango ulioitwa Progresa, na Brazil ikafuata kwa Bolsa Família mwaka 2003. Tanzania ilifanya majaribio yake kuanzia mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo na Kibaha mkoani Pwani na Chamwino mkoani Dodoma. Vijiji 80 vilishiriki: 40 vilivyopatikana kwa kura vilianza kupokea ruzuku, na 40 vingine vilibaki kuwa vya kulinganishia.

Mpango wenyewe ulizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwezi Agosti 2012, ukiwa sehemu ya awamu ya tatu ya TASAF. Kipindi cha pili cha awamu hiyo kilizinduliwa na Rais John Magufuli mwezi Februari 2020, kwa lengo la kufikia vijiji, mitaa na shehia ambazo hazikuwa zimeguswa.

## Muundo wa mpango

Mpango una sehemu kuu tatu zinazoihusu kaya moja kwa moja.

Ya kwanza ni uhawilishaji wa fedha, yaani ruzuku inayolipwa kila baada ya miezi miwili. Katika kipindi cha kwanza viwango vya mwezi vilikuwa hivi:

- ruzuku ya msingi kwa kila kaya: shilingi 10,000
- nyongeza kwa kaya yenye mtoto: shilingi 4,000
- ruzuku ya afya kwa kaya yenye mtoto wa chini ya miaka mitano: shilingi 4,000
- ruzuku ya elimu kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi: shilingi 2,000
- kwa kila mwanafunzi wa kidato cha 1 hadi cha 4: shilingi 4,000
- kwa kila mwanafunzi wa kidato cha 5 na cha 6: shilingi 6,000

Idadi ya wanafunzi waliohesabiwa katika kaya moja ilikuwa na ukomo, na jumla haikuweza kuzidi shilingi 38,000 kwa mwezi. Kwa mfano, mama mwenye mtoto mchanga na watoto wawili wa shule ya msingi alistahili 10,000 + 4,000 + 4,000 + 4,000, yaani shilingi 22,000 kwa mwezi, au 44,000 siku ya malipo. Bibi anayeishi peke yake alistahili ruzuku ya msingi tu, shilingi 10,000.

Ruzuku ya afya na ya elimu zina masharti. Mtoto mdogo hupelekwa kliniki kwa ratiba, na mwanafunzi hutakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Fomu za mahudhurio hujazwa na walimu na wahudumu wa afya, kisha taarifa hupelekwa halmashauri. Kwa hiyo mwalimu anayesahau kujaza fomu anaweza kuipunguzia kaya fedha yake bila kujua. Kwa kawaida mpokeaji wa fedha ni mwanamke wa kaya, kwa kuzingatia kwamba yeye ndiye anayeshughulika zaidi na chakula na watoto.

Sehemu ya pili ni ajira za muda. Mtu mzima mwenye uwezo wa kufanya kazi katika kaya lengwa hupewa kazi wakati wa upungufu wa chakula, kama kuchimba malambo, kutengeneza barabara au kupanda miti. Katika kipindi cha kwanza malipo yalikuwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, yaani shilingi 138,000 kwa aliyezimaliza zote.

Sehemu ya tatu ni kukuza uchumi wa kaya. Walengwa huunda vikundi vidogo vya kuweka akiba na kukopeshana, na hupata mafunzo ya ufugaji, kilimo na biashara ndogondogo.

## Namna walengwa wanavyopatikana

Uteuzi una hatua tatu kuu.

Hatua ya kwanza ni ya kijiografia. Takwimu za umaskini hutumika kugawa nafasi kwa halmashauri, na halmashauri huchagua vijiji vyenye hali mbaya zaidi.

Hatua ya pili hufanyika kijijini, katika mkutano wa hadhara. Wananchi hukubaliana vigezo vya kaya maskini sana: haina kipato cha uhakika, hukosa mlo, inaishi katika makazi duni, watoto wake hawapati elimu wala matibabu. Kisha orodha ya majina huandaliwa.

Hatua ya tatu ni dodoso. Kila kaya iliyotajwa huulizwa kuhusu idadi ya watu, elimu ya mkuu wa kaya, aina ya paa, ukuta na sakafu, na vitu inavyomiliki. Majibu huingizwa katika kompyuta, ambayo hukadiria matumizi ya kaya na kuonyesha kama iko chini ya mstari uliowekwa. Orodha inayobaki hurudishwa mkutanoni ili ithibitishwe.

Njia hizi mbili zimeunganishwa kwa sababu kila moja ina kasoro yake. Mkutano unawajua watu, lakini mwenye ndugu wengi ana wa kumsemea, na mgeni au mwenye ulemavu ambaye hakuweza kufika hana. Dodoso halina upendeleo, lakini haliwajui watu. Mzee aliyejengewa nyumba ya bati na mwanawe, kisha mwana huyo akafariki, huonekana katika dodoso kuwa ana nafuu ingawa anashinda na njaa.

## Makosa mawili ya uteuzi

Katika huduma yoyote inayolenga baadhi ya watu kunaweza kutokea makosa mawili: kumwacha anayestahili, na kumwingiza asiyestahili. Kosa la pili huonekana upesi na hulalamikiwa hadharani. Mwaka 2016 ulifanyika uhakiki nchini, na kaya nyingi ziliondolewa katika daftari. Baadhi zilikuwa za watu waliofariki au kuhama, nyingine za viongozi wa vijiji na za watu wasio maskini.

Kosa la kwanza halionekani kwa urahisi, kwa sababu aliyeachwa hayumo katika orodha yoyote inayoweza kuhakikiwa. Masharti yanapokazwa ili kuzuia udanganyifu, anayeumia kwanza mara nyingi ni yule asiye na kitambulisho, asiyejua kusoma au asiyeweza kutembea hadi ofisi ya kijiji. Kwa sababu hiyo ubora wa mpango hupimwa kwa kuangalia makosa yote mawili.

Njia mojawapo ya kuepuka uteuzi huo ni kumpa kila mtu wa kundi fulani bila kupima umaskini wake. Zanzibar ilifanya hivyo mwezi Aprili 2016, ilipoanza kulipa pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70. Uthibitisho unaohitajika ni wa umri na ukaazi tu. Gharama yake ni kwamba hata mzee mwenye uwezo hulipwa.

## Matokeo

Tathmini ya majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino ilionyesha kwamba watoto wadogo katika vijiji vilivyopata ruzuku waliugua siku chache zaidi kuliko wa vijiji vya kulinganishia. Kaya nyingi zaidi zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, na wasichana wengi zaidi walimaliza shule ya msingi. Kaya ziliongeza mifugo, hasa mbuzi na kuku, na watoto wengi zaidi walikuwa na viatu.

Matokeo hayo yalipunguza nguvu ya hoja iliyosikika mara nyingi, kwamba maskini akipewa fedha ataacha kazi au atainywa pombe.

## Changamoto

- Thamani ya ruzuku hushuka bei za vyakula zinapopanda, kama viwango havirekebishwi.
- Malipo yakichelewa, kaya hukopa kwa riba au huuza mifugo ambayo mpango ulikusudia iongezeke.
- Masharti ya shule na kliniki hayana maana mahali ambapo shule ni ya mbali au zahanati haina dawa.
- Kaya yenye wazee peke yao, isiyo na mtoto wala mtu wa kufanya kazi za muda, hupata kidogo kuliko zote ingawa haina njia nyingine.
- Malipo kwa simu na benki yamepunguza hatari ya fedha kupotea njiani, lakini yanamtegemeza asiye na simu au asiyejua kuitumia kwa mtu mwingine.

## Mipango inayofanana katika nchi jirani

Nchini Kenya mpango wa Inua Jamii huwalipa wazee, yatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Kuanzia mwaka 2018 wazee wenye miaka 70 au zaidi walianza kuandikishwa bila kupimwa umaskini, kwa malipo ya shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kaskazini mwa nchi hiyo, mpango wa kukabili njaa ulianzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, ambako ukame huwapotezea wafugaji mifugo yao.

Rwanda ilianza mpango wake wa Umurenge mwaka 2008. Walengwa wake walipatikana kwa utaratibu wa Ubudehe, ambapo wakazi wenyewe walipanga kaya zao katika madaraja ya hali ya maisha.

## Tazama pia

- Umaskini
- Hifadhi ya jamii
- Mfuko wa Afya ya Jamii
- Pensheni