Nguo iliyokuwa pesa: Wanawake wa Kinyamwezi walivyovaa enzi za misafara

Ukienda kununua kanga Lusu, Nzega au Tabora mjini, muuzaji atakuuliza unataka doti ngapi. Kumbe neno hilo lilikuwa linatumika huku kabla kanga hazijaingia. Karne ya 19, misafara ikipita Unyamwezi kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, doti ilikuwa pesa.

Kabla ya misafara
Wanyamwezi walivaa ngozi, nguo za magome ya miti na pamba waliyofuma wenyewe. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh (Tabora ya leo) Novemba 1857, aliandika kuhusu ufumaji huo.

Merikani na kaniki
Merikani ilikuwa pamba isiyotiwa rangi kutoka Marekani, ndiyo maana ya jina. Kaniki, yenye bluu iliyokoza, ilitoka India. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane doti moja. Wapagazi walilipwa kwa nguo hizo, na mwanamke mwenye uwezo alijifunga yake kuanzia kifuani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipofanya merikani iadimike, vitambaa vya India na Uingereza vilichukua nafasi.

Shanga, sambo na vitindi
Hapa mitindo ndiyo iliamua bei. Mwaka 1871 Henry Stanley alijifunza kwamba shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo, lakini Unyanyembe watu walitaka nyekundu, zile za samisami. Ukibeba rangi isiyotakiwa, una mzigo tu.

Miguuni zilivaliwa sambo, bangili nyembamba za waya. Mkononi ulivaliwa kitindi, waya mnene wa shaba uliozungushwa mara nyingi.

Si Unyamwezi tu. Wanawake wa Akha, kule Thailand na Myanmar, hushona sarafu za fedha kwenye kofia zao. Mali inakaa mwilini, kila mtu anaiona.

Kibangwa hakikuwa cha kila mtu
Kibangwa ni kipande cha duara kilichokatwa kwenye kombe la konokono wa Bahari ya Hindi. Kilisafiri zaidi ya kilomita 700 hadi huku, kikawa alama ya utemi.

Nini kimebaki?
Mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963, na vibangwa vikakosa kazi yake ya utawala. Kaniki bado utaiona kwa waganga wa jadi. Kichwani, akina mama wengi leo hujifunga kilemba cha kanga au kitenge.

Kama bibi yako ana kitindi au shanga za zamani, muulize zilikuwa za nani na zilivaliwa lini, kisha andika. Kitu kikiuzwa bila maelezo yake, kinabaki waya tu. Na kumbuka, kupeleka vitu vya kale nje ya nchi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.