COD ni nini? Kipimo kinachofichua uchafu unaomaliza oksijeni majini

Maji yanaweza kuua samaki hata kama hakuna mtu aliyemwaga sumu. Uchafu unaooza unatosha: kinyesi, majani, mabaki ya chakula, damu ya machinjioni. Bakteria wanapoozesha uchafu huo hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki wanakosa hewa.

Machi 2022, maji ya Mto Mara nchini Tanzania yaligeuka meusi na samaki wakafa. Wengi walishuku kemikali. Kamati ya serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, majibu yaliyozua mjadala mkali.

COD inapima nini?

Ni kiasi cha oksijeni kinachohitajika ili kemikali iunguze uchafu uliomo majini. Huandikwa kwa miligramu kwa lita (mg/L). Namba ikipanda, ujue uchafu ni mwingi.

Inapimwaje?

Sampuli huchanganywa na potasiamu daikromati na asidi kali ya salfuriki, kisha hupashwa joto la nyuzi 150 kwa saa 2. Daikromati ina rangi ya machungwa, na inavyozidi kutumika ndivyo rangi inavyoelekea kijani. Mashine husoma badiliko hilo.

Ina tofauti gani na BOD?

BOD huwaachia bakteria kazi hiyo kwa siku 5, kwenye nyuzi joto 20. COD hutoa jibu siku hiyohiyo. Namba yake kwa kawaida huwa kubwa zaidi, kwani kemikali huunguza hata vitu vinavyowashinda bakteria.

Mwisho ni ngapi?

Kwa maji taka yanayoachiwa kwenye mazingira, Tanzania inaruhusu COD isiyozidi 60 mg/L. Kenya ni 50 mg/L.

Haisemi nini?

COD haimtaji mchafuzi. Zizi la ng'ombe na kiwanda vinaweza kutoa namba ileile, kwa hiyo lazima vipimo vingine vifanyike. Pia haionyeshi risasi wala vijidudu vya kipindupindu. Yaani COD ikiwa ndogo, bado usiseme maji ni salama kunywa.

Jambo lingine: mabaki ya kipimo chenyewe ni hatari. Mara nyingi huwa na zebaki na kromiamu, ndiyo maana maabara hazitakiwi kuyamwaga kwenye sinki.