Macho Mekundu ya Ajuza

Katika kisa cha Hansel na Gretel, anayetoka mlangoni mwa nyumba ya mkate ni mkongwe anayejikokota kwa mkongojo. Ndugu wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walikichapa kisa hicho mwaka 1812, na katika toleo lao la mwisho, la 1857, wanaeleza kwamba wachawi wana macho mekundu na hawaoni mbali.

Macho mekundu! Usukumani bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho hayo hayo, yaliyoiva kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Ndipo nikaanza kuzifuata nyayo za ajuza huyo, kutoka kitabuni hadi kwa binadamu.

Nyayo zinaishia mahakamani. Kati ya karne ya 15 na ya 18, watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa kosa la uchawi, wengi wao wanawake, takriban nusu katika nchi za Kijerumani. Sheria ya Kaisari Charles V ya mwaka 1532 iliagiza kwamba aliyedhuru watu kwa uchawi achomwe moto. Gretel anapomsukuma bikizee tanurini, hukumu hiyo ndiyo inayotekelezwa.

Mmoja wa wanawake walioshtakiwa namfahamu kwa jina: Katharina Kepler wa Leonberg, mjane aliyejua dawa za majani. Mwaka 1615 jirani yake, mke wa fundi vioo, alidai kwamba Katharina alimnywesha kitu kichungu kikamwachia maradhi. Maneno yakaanza kuzaana. Kila mwenye mguu unaouma au ng'ombe aliyekufa akakumbuka kwamba siku fulani alipishana na yule mama. Agosti 1620, akiwa na miaka zaidi ya 70, alikamatwa usiku nyumbani kwa binti yake, akabebwa nje akiwa ndani ya sanduku. Alikaa kifungoni miezi 14 akiwa na minyororo, na gharama za walinzi wake zikatozwa mali yake.

Mwanawe alikuwa Johannes Kepler, mwanahesabu wa Kaisari, yule aliyeonyesha kwamba sayari hazizunguki jua kwa duara kamili. Alisafiri kutoka Linz kwenda kumtetea mama, akajibu mashtaka moja baada ya jingine, akionyesha kwamba yaliyoitwa uchawi yalikuwa maradhi ya kawaida na uzee wa kawaida. Septemba 1621 Katharina alionyeshwa vyombo vya mateso, akagoma kukiri. Aliachiliwa. Aprili 1622 akafariki.

Yeye alikuwa na mwana msomi. Wengine walikuwa na mkongojo tu, na hao ndio waliobaki hadithini: hawana jina wala watoto, wala hakuna anayewauliza kwa nini wanaishi peke yao msituni. Mimi naona huo ni udhalimu wa pili, baada ya ule wa moto.

Na moto haujazimika. Oktoba 2021, Marani, Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na kuchomwa kwa kushukiwa uchawi.

Msomaji, usiku ukiwahadithia watoto kisa cha ajuza wa msituni, wasimulie na cha Katharina.